"Ziada" na "Nyongeza" katika Mikopo ya Wanafunzi

Wafasiri kadhaa wametuuliza: fedha anazoziomba mwanafunzi wa chuo juu ya makadirio ya kawaida ziitweje? Wengi huandika "gharama za ziada". Sisi twaona jina hilo lapotosha.

Katika lugha ya hazina, ziada ni kinyume cha nakisi, yaani fedha zilizobaki baada ya haja zote kutimizwa. Karani asomaye "ziada" hudhani aombwa anasa. Tumchukue mwanafunzi atokaye Kiongoroni, katika delta ya Rufiji. Hungoja maji yajae, hupanda mashua na kupita mikokoni hadi Nyamisati. Kisha gari mpaka Kibiti, na kutoka hapo basi la Dar es Salaam. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya 2004, hukopesha kwa vifungu: ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Safari ile haina kifungu chake. Je, nauli ya mashua ni ziada? Tunapendekeza "nyongeza ya gharama", kwani maofisini neno hili limekwisha zoeleka, kama katika nyongeza ya mshahara, wala halibezi haja ya mwombaji.

Lipo jambo jingine, nalo ndilo zito. Uhitaji hupatikana kwa kutoa uwezo wa familia katika gharama za masomo. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti, gharama za chuo hazikupanda. Uwezo wa mzazi ndio uliopungua. Hapa "nyongeza" haifai. Iandikwe "tathmini mpya ya uwezo". Neno "rufaa" hufunika yote mawili, tena lina harufu ya mahakama: mwombaji hulalamikia uamuzi badala ya kuleta vielelezo. Huko Marekani, Sheria ya Elimu ya Juu ya 1965, kama ilivyorekebishwa, humruhusu afisa wa chuo kurekebisha ama gharama ama uwezo, kwa mwanafunzi mmoja mmoja na kwa ushahidi wa maandishi. Mfasiri wa nyaraka hizo hana budi kuyatenga.

"Bumu", jina walilolizoea wanafunzi kwa posho ya kujikimu, tunaliacha vyuoni lilikostawi. Bali "msaada" tunalikataa kwa mikopo ya hapa kwetu: kila shilingi ya nyongeza ni deni, na mdaiwa aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi liishe.