Je, Wajua? Mpingo wa Ruvuma Katika Mji wa Ise

Je, wajua kwamba mume na mkewe wakiondoka Shangani, Mtwara, wakafunga safari ya siku chache kuuzuru mji wa Ise huko Japani, watauona Futami, kando ya bahari, mtaa ulioasisiwa ndani yake jumba la makumbusho mahususi kwa ajili ya sanaa ya Wamakonde?

Wamakonde, ambao makazi yao ya asili ni nyanda za juu zilizo pande mbili za mto Ruvuma, Tanzania na Msumbiji, wamepata sifa kwa kuuchonga mpingo, mti mgumu mno wenye kiini cheusi; na miongoni mwa mitindo yao mashuhuri ni ule uitwao ujamaa, ambapo watu wengi hutokezwa katika gogo moja, huyu akimbeba yule.

Hapo hapo Futami yasimama baharini majabali mawili, Meoto Iwa, yahesabiwayo kuwa mume na mke, yaliyounganishwa kwa kamba nene ya mabua ya mpunga, ambayo kwa desturi hubadilishwa mara 3 kila mwaka. Aidha, hekalu kuu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, kama ilivyokuwa mwaka 2013, desturi ambayo, pamoja na maana yake ya kidini, huwawezesha mafundi kurithishana elimu yao.

Ustadi usiorithishwa hufa na mwenyewe. Basi yatupasa sisi wa Kusini kuwafunza vijana wetu uchongaji, na kuupanda mpingo, kabla hatujalazimika kuisafiria sanaa yetu ughaibuni.