Nusu ya Thamani: Dhamana na Mahabusu wa Nyanda za Juu Kusini

Asubuhi za Julai jijini Mbeya baridi huuma hadi kwenye vidole. Nje ya mahakama, ndugu waliojifunika vitenge na makoti mazito husubiri karandinga litokalo Gereza la Ruanda. Likifika, kila mmoja hutafuta sura moja tu kati ya wanaoshuka. Ndani, jina huitwa, mshitakiwa husimama, wakili wa serikali hueleza kwamba upelelezi haujakamilika, na hakimu hupanga tarehe nyingine, mara nyingi baada ya siku 14. Shughuli yote yaweza kwisha kabla mama aliyesafiri kutoka Chunya hajapata pa kukaa.

Anayepandishwa tena karandinga hajahukumiwa. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike kwamba anayo. Hata hivyo, kwa miaka mingi karibu nusu ya watu waliomo katika magereza ya Tanzania walikuwa mahabusu, watu wanaosubiri tu kesi zao. Hawa hata msamaha wa Rais hauwafikii kwa kawaida. Tarehe 9 Desemba 2019, Rais John Magufuli alipotangaza msamaha kwa wafungwa 5,533, walionufaika ni waliokwisha kuhukumiwa. Mahabusu hana adhabu ya kusamehewa, hivyo mwizi aliyekiri kosa lake anaweza kutoka kabla ya mwenzake anayelikana.

Sababu ya hali hii imo ndani ya neno moja ambalo kila familia yenye kesi hulijua: dhamana.

Dhamana ni ahadi kwamba mshitakiwa atarudi. Ahadi hiyo huwekewa uzito kwa njia mbalimbali. Iliyo nyepesi ni mshitakiwa kujidhamini mwenyewe kwa kusaini bondi, yaani kukubali kwa maandishi kwamba asipofika atadaiwa kiasi fulani. Inayofuata ni ya wadhamini, ambao hufika na kitambulisho na barua ya mtendaji au ya serikali ya mtaa, nao husaini bondi kwa niaba yake. Nzito kuliko zote ni kuweka fedha taslimu au mali mahakamani. Kabla ya hizo zote kuna dhamana ya polisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inataka aliyekamatwa kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo, kama hajaachiwa kwa dhamana, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo baada ya hapo. Dhamana ya polisi hailipiwi. Anayedaiwa fedha ya kuipata anadaiwa rushwa.

Kwenye karatasi, ngazi hizo zinapandika. Ugumu huanzia katika kifungu cha sheria hiyo ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kwa namba yake tu: 148.

Kifungu hicho kina sharti la mali. Kosa likihusu fedha au mali yenye thamani inayozidi shilingi milioni 10, mshitakiwa huachiwa tu akiweka mahakamani fedha taslimu au mali yenye thamani ya nusu ya kiasi hicho, na nusu iliyobaki ikalindwa kwa bondi. Tuseme wakala wa mpunga wa Ubaruku, wilayani Mbarali, anadaiwa kuiba mzigo wa shilingi milioni 24. Ili aingoje kesi akiwa nyumbani, anatakiwa kuleta milioni 12. Kama kweli aliiba, huenda anazo. Kama hakuiba, atazitoa wapi? Ndiyo kasoro kubwa ya sharti hili: kadiri mtu anavyokuwa mbali na fedha anazodaiwa kuchukua, ndivyo lango linavyozidi kuwa jembamba.

Mahakama ya Rufani ililegeza kidogo. Katika rufaa ya Silvester Hillu Dawi na mwenzake, iliyofunguliwa mwaka 2006, ilieleza kwamba washitakiwa wakiwa zaidi ya mmoja, kiasi hicho hugawanywa kati yao. Wakala wetu akishitakiwa na wenzake wawili, kila mmoja ataweka milioni 4. Ni nafuu ya kweli, lakini haibadilishi msingi: uhuru bado unapimwa kwa bei ya kitu kilichopotea, wala hakuna anayeuliza kama mtu huyu atatoroka.

Mkoani Iringa na huko Mbarali kuna kundi ambalo sharti hili huliumiza zaidi. Vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hutoa kesi nyingi za nyara za serikali. Anayekamatwa na kipande cha pembe ya ndovu hahesabiwi thamani ya kipande. Huhesabiwa thamani ya tembo mzima, ambayo katika kesi nyingi imetajwa kuwa dola za Marekani 15,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 30. Nusu yake inazidi milioni 15. Isitoshe, makosa hayo huendeshwa chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi ya 1984, na kwa miaka mingi ombi la dhamana likihusu thamani ya kuanzia milioni 10 lilipaswa kupelekwa Mahakama Kuu. Kwa mkulima wa Pawaga maana yake ilikuwa wakili, nauli ya mjini na siku za kungoja, kabla hata ya kuanza kuzitafuta hizo milioni 15. Ujangili umeiumiza Ruaha vibaya, na wanaoufanya wanastahili kushitakiwa. Lakini anayekamatwa na kipande hicho kijijini mara nyingi ndiye wa mwisho katika mnyororo wa biashara hiyo, na ndiye asiye na cha kuweka.

Mtu atauliza: si wana mashamba? Wanayo. Sheria inaruhusu mali isiyohamishika kuwekwa kwa kuonyesha hati ya umiliki au ushahidi mwingine unaoiridhisha mahakama kwamba mali hiyo ipo. Dirisha hilo ni dogo kuliko linavyosomeka. Sehemu kubwa ya ardhi ya Nyanda za Juu Kusini ni ya vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilileta hati ya hakimiliki ya kimila, na Mbozi ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kuitoa. Bado kaya nyingi zinalima chai, parachichi au viazi kwenye ardhi isiyo na karatasi yoyote, na mwenye hati ya kimila naye huweza kuulizwa tathmini ya mthamini, ambayo hugharimu fedha. Shamba linalosomesha watoto watatu linafika mahakamani likiwa halina thamani.

Kuna pia makosa ambayo kifungu hicho hakiruhusu dhamana kabisa: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, usafirishaji wa dawa za kulevya, utakatishaji fedha na mengineyo. Hapa hakimu hana la kupima. Maneno ya hati ya mashitaka yakishaandikwa, lango limefungwa, hata kama mshitakiwa ni mgonjwa au ushahidi ni mwembamba. Anayeandika hati hiyo ni upande wa mashitaka, kwa hiyo upande mmoja wa kesi ndio unaoamua kama mwingine atangoja akiwa nyumbani au gerezani.

Mahakama zimebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka 30. Daudi Pete aliposhitakiwa kwa unyang'anyi, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alimpa dhamana na kusema kwamba kifungu kilichomzuia kinapingana na Katiba. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kifungu hicho, kama kilivyokuwa wakati ule, ni batili: kilikuwa kipana mno, kikiwanasa hata watu wasio hatari kwa jamii. Bunge likaendelea kuirekebisha sheria, na orodha ya makosa yasiyo na dhamana ikarefuka. Katika shauri la Jeremia Mtobesya, Mahakama Kuu mwaka 2015, na kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2018, ziliondoa mamlaka ya Mkurugenzi wa Mashitaka kuzuia dhamana kwa hati yake tu. Mei 2020, katika shauri la Dickson Paulo Sanga, Mahakama Kuu ilibatilisha orodha yenyewe. Furaha haikudumu. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo.

Hata pale kosa linapodhaminika, lango halifunguki lenyewe. Mwaka 2018 Nyanda za Juu Kusini zilishuhudia mambo mawili yaliyojadiliwa nchi nzima. Katikati ya Januari, Joseph Mbilinyi, maarufu kwa jina la Sugu, wakati huo mbunge wa Mbeya Mjini, alinyimwa dhamana katika kesi ya maneno ya fedheha dhidi ya Rais na kupelekwa Ruanda hadi hukumu ilipotolewa tarehe 26 Februari. Mwezi uliofuata Abdul Nondo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipotea Dar es Salaam na kuonekana Mafinga. Alikaa mikononi mwa polisi takriban wiki mbili ndipo akafikishwa mahakamani Iringa, akidaiwa kutoa taarifa za uongo. Alipata dhamana siku chache baadaye, na Novemba mahakama ikamwachia huru. Hao walikuwa na mawakili, na waandishi wa habari walizihesabu siku zao. Siku za kijana wa Ilula anayedaiwa kuvunja duka huhesabiwa na mama yake peke yake.

Hofu ya wanaotaka sheria ibaki kama ilivyo isipuuzwe. Mauaji ya watoto mkoani Njombe, mwishoni mwa 2018 na mapema 2019, yaliacha wazazi wakiwasindikiza wanao shule kwa woga. Katika mazingira hayo, mshukiwa kuonekana mtaani ni kuwatisha mashahidi, na hata kuyaweka maisha yake mwenyewe mikononi mwa wananchi wenye hasira. Hizo ni sababu nzito za kumnyima mtu dhamana. Lakini ni sababu zinazomhusu mtu fulani na kosa fulani, hakimu anaweza kuzisikiliza na kuzipima. Orodha iliyoandikwa bungeni haiwezi kutofautisha anayetisha mashahidi na aliyetajwa jina kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba.

Kenya ilichagua njia hiyo ya kupima. Ibara ya 49 ya Katiba yake ya 2010 inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana kwa masharti yanayobebeka, hata kwa kosa la mauaji, isipokuwa upande wa mashitaka ukionyesha sababu za msingi. Kwa makosa ambayo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hawekwi rumande. Mahakama inaweza kumtuma ofisa wa uangalizi akaulize nyumbani kwa mshitakiwa: anaishi wapi, anafanya kazi gani, majirani wanamwonaje. Mbali zaidi, jimbo la Illinois nchini Marekani lilifuta kabisa dhamana ya fedha Septemba 2023, na majaji wakabaki na swali la hatari ya mtu na uwezekano wa kutoroka.

Mfano wa karibu zaidi na Kyela uko ng'ambo ya mto Songwe. Tangu mwaka 2000, Malawi imekuwa na wasaidizi wa kisheria wanaoingia magerezani, wakiwafundisha mahabusu jinsi ya kuomba dhamana kwa vinywa vyao wenyewe, na kuwaorodhesha waliokaa kupita muda. Kisha mahakimu huenda gerezani kusikiliza maombi hayo palepale. Si mpango wa gharama kubwa, na umefanyika katika nchi isiyo tajiri kuliko Tanzania.

Tanzania nayo haijakaa tu. Marekebisho ya 2022 yalitaka upelelezi ukamilike kabla ya mashitaka kufunguliwa, ila makosa mazito yakaachwa nje. Mwaka 2023 Tume ya Rais ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilisikiliza wananchi na kukabidhi ripoti yake Julai. Kamati za kusukuma kesi, zinazowakutanisha mahakama, polisi, waendesha mashitaka na magereza, zipo. Kinachotakiwa sasa ni hatua zinazogusa kifungu chenyewe. Sharti la nusu ya thamani ligeuzwe kutoka amri kuwa kikomo ambacho hakimu anaweza kushuka chini yake baada ya kuuliza kipato. Hati ya kimila na uthibitisho wa halmashauri ya kijiji vitambuliwe wazi kuwa dhamana ya kutosha. Makosa yasiyodhaminika yarudishwe mbele ya jaji, hata kama mshitakiwa ndiye atakayebebeshwa mzigo wa kumshawishi. Na upelelezi wa makosa mazito uwekewe mwisho unaojulikana.

Wakati hayo yakisubiriwa, sheria iliyopo ina lango moja ambalo familia nyingi hazijaambiwa. Kosa likidhaminika lakini masharti yakamshinda mshitakiwa, Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuyapunguza, na inakaa Mbeya na Iringa vilevile. Ombi huandikwa pamoja na kiapo kinachoeleza kipato chake, wanaomtegemea na mahali anapopatikana. Ni kurasa chache. Msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, anaweza kuielekeza familia namna ya kuanza, na yule mama wa Chunya anazo siku 14 kabla karandinga halijaja tena.