Neno moja, maana mbili: namna ya kupanga kamusi ya Lubumbashi ndani ya telefone

LUBUMBASHI – Ukiomba «makala» kwenye soko la komini ya Kenya, muuzaji atakuonyesha mfuko wa makaa ya kupikia. Ukitaja neno hilohilo Dar es Salaam, watu watafikiria habari ya gazeti. Basi, mtu anayekusanya maneno ya Kiswahili cha hapa ndani ya telefone yake aliandike wapi?

Kwanza atazame asili. «Makala» ya moto ni neno la Kibantu, na liko pia katika Kilingala. «Makala» ya gazeti limetoka Kiarabu. Ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, kwa hiyo kila moja lipate ukurasa wake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 hutenganisha maneno ya namna hii kwa namba ndogo.

«Jamaa» ni jambo lingine. Katanga ni familia. Pwani ni ndugu, au hata mtu fulani tu. Tangu miaka ya 1950, kwa Wakatoliki wa miji ya migodi, ni pia kundi la kiroho lililoanzishwa na Padri Placide Tempels. Shina ni moja, basi ukurasa mmoja unatosha: maana ya 1, ya 2 na ya 3, kila moja na mahali inaposemwa.

Programu nyingi za kuandikia huunganisha kurasa. Usiunganishe kwa namba: ukiingiza maana mpya katikati, ya 2 inakuwa ya 3, na viungo vyote vinapotosha. Ipe kila maana jina fupi, kama «makala-moto» au «jamaa-familia».

Kazi hii ina uzito wake. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha wafanyakazi wa nyumba za Wazungu, akaiita «Vocabulaire». Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990, macho peke yake hayakutosha kuielewa. Ilibidi Kalundi Mango aisome kwa sauti.

Wazee waliokulia kambi za Union Minière wanapungua. Kwa hiyo chini ya kila maana andika sentensi kamili kama ilivyosemwa, na ukiweza, weka sauti yenyewe. Tafsiri itaongezwa hata kesho, mzee hatangoja.