Corvette: gari la faibaglasi lililododa kabla ya kupendwa

NIBOYE, Kigali – Karibu magari yote yanayopita Niboye, mahali kilipo chuo kinachofundisha ufundi wa magari, yana bodi ya chuma. Mwaka 1953 kampuni ya General Motors ya Marekani ilijaribu njia nyingine, na mfanyabiashara aliyewahi kurudi na mzigo usiotoka ataielewa haraka.

Januari 17 mwaka huo GM ilionyesha Corvette, gari la michezo la watu wawili, katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York. Watu walilishangilia, kampuni ikataka kuliingiza sokoni upesi. Kalibu za kukandamizia chuma zingekula muda na fedha nyingi, hivyo bodi ikawa ya faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi inayokauka, kama boti nyingi za leo. Haishiki kutu, na ikipasuka huzibwa kwa nyuzi na gundi ile ile, bila nyundo.

Uzalishaji ulianza Juni 30 mjini Flint, Michigan. Mwaka ule yalitoka magari 300 tu, yote meupe nje na mekundu ndani, usukani kushoto kama ilivyo Kigali. Bei ilikuwa dola 3,498.

Tatizo lilikuwa ndani ya gari lenyewe. Sura ya mbio, lakini injini ya silinda sita na gia otomatiki ya hatua mbili! Milango haikuwa na vitasa vya nje wala vioo vya kupandisha. Mwaka 1954 yalitengenezwa 3,640, na zaidi ya 1,000 yakadoda. Mwaka 1955 yakatengenezwa 700 tu, wakati Ford iliuza zaidi ya Thunderbird 16,000, zenye bodi ya chuma.

Ushindani huo ndio ulioiokoa Corvette, kwa kuwa GM haikutaka kumwachia Ford uwanja. Injini ya V8 iliingia mwaka 1955, mhandisi Zora Arkus-Duntov akaendelea kuiongezea nguvu, na mwaka uliofuata vitasa na vioo vikapatikana.

GM ilikuwa na mfuko wa kuvumilia hasara. Kenya haikuwa nao. Nyayo Pioneer, lililobuniwa baada ya Rais Moi kukiomba Chuo Kikuu cha Nairobi gari la nchini mwaka 1986, lilizinduliwa mwaka 1990. Magari ya majaribio yalifika kilomita 120 kwa saa. Fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana.