Bangi na Usukani Havipatani

Kwenye vituo vya bodaboda utawasikia baadhi ya vijana wakisema: "Bangi haina ubaya. Mbona Marekani imeruhusiwa?" Wengine huamini kuwa bangi humpa dereva macho makali. Maneno haya ni ya hatari. Abiria wa bodaboda ni mama anayekwenda kliniki. Ni mtoto anayekwenda shule. Ni wewe na mimi.

Leo tutazame mambo matatu. Bangi humfanya nini dereva? Sheria za huko Marekani zinasemaje? Na sheria yetu inasemaje?

BANGI HUMFANYA NINI DEREVA?

Ndani ya bangi mna kilevi kinachoitwa THC. Mtu akivuta, moshi huingia mapafuni. Kilevi huingia katika damu, na damu hukipeleka kwenye ubongo. Yote hayo hutokea kwa dakika chache. Ubongo ndio unaoongoza macho, mikono na miguu. Ubongo ukilegea, dereva naye amelegea.

Chukua mfano huu. Mbuzi anakatiza barabara. Dereva mwenye akili timamu anamwona, anaamua, anashika breki. Dereva aliyevuta bangi anamwona pia, lakini anachelewa kuamua. Pikipiki inayokwenda kilometa 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde 1. Akichelewa sekunde 1 tu, mbuzi amegongwa. Na kama si mbuzi, bali ni mtoto?

Bangi pia humfanya dereva akosee kukadiria umbali. Hushindwa kukaa upande wake wa barabara. Hushindwa kuangalia mambo mawili kwa wakati mmoja. Akichanganya bangi na pombe, hatari huzidi sana.

Wako watu wanaokula bangi katika vyakula. Hiyo huchelewa kulevya. Huweza kuchukua nusu saa hadi saa 2. Mtu hudhani yu mzima, hushika njia, kisha ulevi humkuta barabarani.

MAREKANI WANASEMAJE?

Marekani ni nchi yenye majimbo 50, na kila jimbo lina sheria zake. Ni kweli kuwa yapo majimbo yaliyoruhusu watu wa miaka 21 na zaidi kutumia bangi. Colorado na Washington yalitangulia, kwa kura ya wananchi, mwaka 2012. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 majimbo ya namna hiyo yalikuwa 24.

Lakini hakuna hata jimbo moja lililoruhusu mtu kuendesha gari akiwa amelewa bangi. Jambo hili vijana wetu hawalisemi. Ni kama pombe kwetu. Kunywa si kosa, lakini mlevi haruhusiwi kuendesha.

Tuangalie jimbo la Colorado. Polisi akimshuku dereva, humsimamisha. Huweza kumtaka atembee juu ya mstari, au asimame kwa mguu mmoja. Akiona dalili za ulevi, humtaka apimwe damu. Dereva akikataa kupimwa kwa mara ya kwanza, hunyang'anywa leseni kwa mwaka 1.

Damu ikikutwa na nanogramu 5 za THC au zaidi katika kila mililita 1, mahakama inaweza kuhesabu kuwa alikuwa amelewa. Nanogramu ni kipimo kidogo mno. Gramu 1 ina nanogramu milioni 1,000. Hata kikipungua kipimo hicho, dereva anaweza kutiwa hatiani kwa jinsi alivyoendesha. Tena hawezi kujitetea kwa kusema, "Bangi hii nimeandikiwa na daktari."

Adhabu za Colorado ni hizi:

Kosa la kwanza: jela siku 5 hadi mwaka 1, faini dola 600 hadi 1,000, kazi za jamii saa 48 hadi 96, na leseni kuondolewa kwa miezi 9. Hakimu anaweza kumwondolea kifungo akikubali kwenda kwenye mafunzo na matibabu.

Kosa la nne: hilo ni kosa kubwa. Anaweza kufungwa miaka 2 hadi 6.

Akiua mtu: anaweza kufungwa miaka 4 hadi 12.

Majimbo mengine yana vipimo vyao. Sababu ni kwamba kilevi cha bangi hupungua haraka katika damu, lakini ulevi hubaki kichwani. Tena mvutaji wa kila siku huweza kukutwa nacho hata siku nyingi baada ya kuvuta. Kwa hiyo kupima bangi ni kugumu kuliko kupima pombe.

Idara ya afya ya Colorado huwashauri watu wasiendeshe mpaka zipite angalau saa 6 tangu kuvuta, au saa 8 tangu kula. Aliyetumia nyingi angoje zaidi. Na madereva wa malori makubwa na mabasi wamekatazwa bangi kabisa na serikali kuu, hata katika majimbo yaliyoiruhusu.

KWETU TANZANIA

Kwetu dereva huyo ana makosa mawili. Kwanza, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha chombo cha moto ukiwa umelewa pombe au dawa. Pikipiki nayo ni chombo cha moto. Pili, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kuuza, kubeba na kutumia bangi.

TUFANYE NINI?

1. Kabla ya kupanda, mwangalie dereva na umsemeshe. Macho mekundu peke yake si ushahidi, huenda ni vumbi au usingizi. Lakini kama ananuka bangi, anasema polepole au anacheka ovyo, usipande.

2. Ukiwa umekwisha kupanda, mwambie asimame, ushuke. Kutembea kwa miguu ni afadhali kuliko kubebwa kwa machela.

3. Madereva wa kituo kimoja waonyane. Mwenzenu akiwa amelewa, mnyang'anyeni ufunguo.

4. Aliyeshindwa kuacha bangi asifichwe. Apelekwe kwenye kituo cha afya akapate ushauri.

Ndugu msomaji, sheria inaweza kumfunga dereva, lakini haiwezi kumrudishia mtu mguu uliokatwa wala kumfufua aliyekufa. Tujilinde kabla ya ajali.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini aliyekula bangi anaweza kudhani hajalewa?

2. Kijana akikuambia, "Marekani imeruhusiwa," utamjibu nini?

3. Kijiji chetu kifanye nini ili bodaboda zetu ziwe salama?