Mtoto Hakurogwa: Jeni Hufanyaje Kazi Katika Damu Yetu?



Leo tuna somo ambalo kwa jina linaonekana ni la wasomi wa chuo kikuu, lakini limo ndani ya nyumba zetu. Tutazungumza juu ya jeni. Nitaanza na kisa kilichonifanya nilitafute somo hili.

Siku moja kikundi cha akina mama karibu na Ziwa Victoria kilinialika kuangalia hesabu yao ya mzunguko. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe. Mama mmoja kijana alikuwa amempakata mtoto wa miaka miwili hivi. Mikono na miguu ya mtoto ilikuwa imevimba, macho yamekuwa ya manjano, na kila akiguswa analia. Nyanya yake mtoto, mama wa baba, naye ni mwanakikundi. Akasema mbele ya wote, “Mwalimu, kwetu ugonjwa huu haujawahi kuwako. Umeletwa na huyu. Hata mtoto wa kwanza tulimzika hivi hivi.” Mama kijana akainamisha kichwa. Baadaye nikasikia kwamba mume alikuwa anafikiria kumrudisha kwao, na wengine walikuwa wanasema mtoto amerogwa.

Siku ile mimi nilinyamaza. Jina la ugonjwa nililijua, ni selimundu, ambao wengi wanauita siko seli. Lakini sikujua kueleza unatoka wapi. Nikasema tu mtoto apelekwe hospitali. Halafu nikaenda kuuliza na kusoma. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

KITABU KIMOJA, NYIMBO NYINGI

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Ndani ya karibu kila seli kuna kitabu kizima cha maagizo ya mwili. Kitabu hicho kinaitwa DNA. Kimeandikwa kwa herufi nne tu, lakini zinarudiwarudiwa mpaka zinafika kama bilioni 3. Sehemu ya kitabu inayotoa agizo moja, tuseme wimbo mmoja, ndiyo jeni.

Sasa utauliza: ikiwa kila seli ina kitabu kile kile, mbona jicho ni jicho na ini ni ini? Fikiria kwaya yetu. Kila mwanakwaya ana kitabu kizima cha nyimbo mkononi, lakini hawaimbi nyimbo zote kwa siku moja. Mwalimu wa kwaya anasema, leo fungueni namba fulani. Nyingine zinabaki zimefungwa, ingawa zimo. Ndivyo seli zinavyofanya. Seli zinazotengeneza damu zimo katika uboho, ule tunaounyonya ndani ya mfupa wa nyama. Hizo zinafungua wimbo wa damu. Seli ya jicho inao wimbo huo pia, lakini haiuimbi.

Wimbo ukifunguliwa, seli inatoa nakala ya jeni ile, kama mtu anavyotoa fotokopi bila kuondoa kitabu ofisini. Nakala hiyo inasomwa, na kadiri inavyosomwa, kitu kinajengwa kama mtu anayetunga shanga katika uzi, moja baada ya nyingine. Uzi huo wa shanga ndio protini. Protini ndizo zinazofanya kazi za mwili.

HERUFI MOJA TU

Protini inayofanya damu iwe nyekundu inaitwa himoglobini. Kazi yake ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Imefanywa kwa nyuzi nne, mbili za aina moja na mbili za aina nyingine. Uzi mmoja wa aina hii ya pili una shanga 146.

Mwenye selimundu amekosewa shanga moja tu, ile ya 6. Imekosewa kwa sababu katika jeni yake herufi moja imebadilika. Msidhani herufi moja ni kitu kidogo. Andika “Baba ameingia jikoni”, halafu ubadilishe herufi moja iwe “Bata ameingia jikoni.” Habari imekuwa nyingine kabisa!

Kwa sababu ya shanga ile moja, himoglobini ikishatoa hewa yake inashikana na kuwa kama vijiti. Chembe ya damu, badala ya kuwa laini na ya mviringo, inapinda kama mundu wa kukatia nyasi. Ndipo likaja jina selimundu. Chembe hizo zinakwama katika mishipa midogo, na hapo mtoto analia mifupa. Tena zinakufa upesi. Chembe nzuri huishi kama siku 120, lakini hizi huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana damu inapungua na macho yanakuwa ya manjano.

Wataalamu hawakujua haya yote kwa siku moja. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika juu ya kijana mmoja kutoka kisiwa cha Grenada ambaye chembe zake zilikuwa zimepinda. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba kosa liko katika himoglobini yenyewe. Baadaye kidogo, mwaka 1956 na 1957, Vernon Ingram kule Cambridge, Uingereza, akaipata ile shanga moja iliyokosewa.

KWA NINI IKO HUKU KWETU?

Hapa Kenya ilitoa somo kwa dunia nzima. Anthony Allison alikulia nchini hapa, akaenda kusoma udaktari Uingereza. Mwaka 1949 alirudi na kupima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya. Akaona jambo la ajabu: jeni ya selimundu ilikuwa nyingi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini ilikuwa chache sana nyanda za juu zenye baridi. Mbu wa malaria naye wapi kwake? Pwani na kando ya ziwa!

Mwaka 1954 alitangaza matokeo yake. Mtu aliyerithi jeni hii kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo zamani watoto wa namna hiyo walipona malaria kwa wingi kuliko wenzao, wakakua, wakazaa, na jeni ikaendelea. Basi jeni hii si laana. Ilikuwa ngao ya mababu zetu, lakini ngao yenye makali pande zote mbili. Na tuelewane vizuri: anayekingwa ni yule wa jeni moja. Mtoto mwenye jeni mbili hana faida hiyo, na malaria ikimpata inaweza kumuua upesi.

MIKEBE MIWILI

Kila mtu ana jeni mbili za uzi huu wa himoglobini, moja ya baba na moja ya mama. Nzuri tuiite A, ya selimundu tuiite S. Mwenye AA hana shida. Mwenye AS kwa kawaida ni mzima, analima, anacheza mpira, na huenda asijue kamwe kwamba ana S. Mwenye SS ndiye mgonjwa.

Fanyeni zoezi hili kwenye mkutano wenu. Leteni mikebe miwili, mmoja wa baba, mmoja wa mama. Kila mkebe utieni punje moja ya mahindi (A) na moja ya maharagwe (S). Mtu afumbe macho, atoe punje moja kutoka kila mkebe. Hizo mbili ni mtoto mmoja. Andikeni, rudisheni punje, mtoe tena. Mkifanya mara 40 mtaona kama mara 10 ni mahindi mawili, kama mara 20 ni mchanganyiko, na kama mara 10 ni maharagwe mawili. Hazitakuja sawasawa, lakini zitakaribia.

Zoezi hili lina mafundisho mawili. La kwanza, mkebe mmoja hauwezi kutoa maharagwe mawili. Mtoto wa SS amepokea S kwa mama na S kwa baba. La pili, kila mimba ni kutoa punje upya. Msiseme, “Tumeshapata mmoja mgonjwa, sasa watatu watakuwa wazima.” Kila mara hatari ni ile ile, moja kwa nne.

MBONA MTOTO ALIZALIWA MZIMA?

Swali hili linaulizwa sana, na ndilo linalowafanya watu wafikirie uchawi. Mtoto amezaliwa ananawiri, halafu akifika miezi sita hivi anaanza kuvimba vidole. Watu wanaanza kutafuta nani alimtazama vibaya.

Ukweli ni huu. Mtoto akiwa tumboni, seli zake za damu zinaimba wimbo mwingine, ule wa himoglobini ya mtoto mchanga. Wimbo huo hauna lile kosa. Akishazaliwa, polepole mwalimu wa kwaya anafunga ukurasa ule na kufungua wa watu wazima, ambao ndio wenye kosa. Mwaka 1948 daktari Janet Watson wa Marekani aliona kwamba watoto wachanga wenye jeni hizi wana chembe chache zilizopinda, akahisi ni ile himoglobini ya utoto inayowalinda.

Wataalamu wakajiuliza: huyo mwalimu anayefunga ukurasa ni nani? Mwaka 2008 watafiti wa Boston, wakiwemo Vijay Sankaran na Stuart Orkin, walionyesha kwamba ni protini inayotokana na jeni iitwayo BCL11A. Akinyamazishwa, wimbo wa utoto unarudi.

KUREKEBISHA JENI

Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walieleza chombo kiitwacho CRISPR. Ni kama mkasi unaopewa anwani, unakwenda mpaka mahali fulani katika DNA na kukata hapo. Asili yake ni bakteria, wanaoutumia kukata virusi wanaowashambulia. Mwaka 2020 wanawake hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Mkasi huo ukatumika kwa selimundu. Madaktari wanatoa seli mama za damu za mgonjwa, wanakata mahali panapomwamsha yule mwalimu BCL11A katika seli za damu, kisha wanazirudisha mwilini. Ile herufi mbaya hawakuigusa. Walimnyamazisha mwalimu tu. Victoria Gray wa Mississippi, Marekani, alitibiwa hivyo mwaka 2019. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani zilikubali tiba hii, inayoitwa Casgevy, kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi. Katika wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa mwaka mzima au zaidi bila maumivu makali.

Lakini tuseme na upande wa pili. Kabla ya kurudishiwa seli, mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uboho wa zamani, na dawa hizo zinaweza kumzuia asizae. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Tena seli zilizobadilishwa ni za damu tu. Aliyetibiwa bado anaweza kumrithisha mtoto wake S.

SISI TUFANYE NINI?

Msikate tamaa. Kuna kidonge kinachoamsha wimbo ule ule wa utoto, ingawa si kwa nguvu hiyo. Kinaitwa haidroksiyurea. Hakikati jeni. Kinaufanya mwili utengeneze himoglobini ya utoto kwa wingi zaidi. Kilijaribiwa kwa watoto 606 wa Kiafrika huko Luanda, Kinshasa, Mbale na hapa kwetu Kilifi, na matokeo yalitangazwa mwishoni mwa mwaka 2018. Maumivu yalipungua, malaria ikapungua, kuongezewa damu kukapungua na vifo pia. Lakini kisinunuliwe ovyo dukani. Lazima daktari apime damu mara kwa mara.

Mambo mengine ni haya:

1. Mtoto akivimba mikono na miguu, au macho yakiwa ya manjano, apimwe mapema. Ulizeni kipimo kinachotofautisha AA, AS na SS.
2. Mtoto wa SS apewe chanjo zote, na dawa za kuzuia magonjwa kama alivyoagiza daktari. Alale ndani ya neti, anywe maji mengi, asipigwe na baridi.
3. Akipata homa, msingoje asubuhi. Ni hospitali siku hiyo hiyo.
4. Vijana wanaotaka kuoana wapimwe, wajue hali yao na kuamua wakiwa na macho wazi.
5. Kikundi kitenge mfuko mdogo wa nauli ya dharura. Mara nyingi mtoto anachelewa kwa kukosa pesa za gari.

Nilirudi kwa kile kikundi na mikebe yangu. Nyanya ndiye aliyetoa punje. Baba na mama walikuwa wameshapimwa hospitalini, na wote wawili ni AS. Baba alitazama yale maharagwe mawili kwa muda mrefu, akasema, “Kumbe na mimi nimo.” Nyanya akamgeukia mkwewe, akasema, “Mwanangu, nipe huyo mtoto nimbebe.” Habari ya kurudishwa kwao iliishia hapo. Mtoto anaendelea na kliniki.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kijijini kwetu, mtoto akiugua mara kwa mara, analaumiwa nani? Kwa nini?
2. Zoezi la mikebe limewafundisha nini juu ya mama na baba?
3. Kipimo cha selimundu kinapatikana wapi karibu nasi, na nauli ni ngapi?
4. Kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje mzazi ambaye mtoto wake ameshikwa na maumivu usiku?