Vigari vya Gofu: Ubora U Wapi?

Huko Marekani vigari vya E-Z-GO, Club Car na Yamaha hulinganishwa mara nyingi. Kiunzi cha Club Car ni cha alumini, isiyoshika kutu. Cha E-Z-GO ni cha chuma, nacho hukingwa kwa rangi. Yamaha ina aina ambayo kila gurudumu la nyuma hupanda na kushuka peke yake, hivyo mtikiso hupungua.

Lakini uimara wa kigari cha umeme hutegemea zaidi betri. Betri sita za risasi za volti 8 zikiungwa mfululizo hutoa volti 48. Mkondo ule ule hupita katika zote. Moja ikidhoofu, zote hulemewa. Zichajiwe kila zitumiwapo, kisha ziongezwe maji yaliyokenekwa, wala si tindikali. Anayepuuza hayo, chapa haitamwokoa.